Sifuri za Bwawa la Kwemazi

Kwemazi, Korogwe
Baada ya masika

Mzee Shehoza,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikanyanyua kalamu na kusubiri, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Zaina, mke wangu, akaniuliza mbona nimeduwaa mbele ya karatasi. Nikamwambia namwandikia Mzee. Akasema, "Msalimie. Na umwambie mabuti yake yamebaki hapa kwetu, panya wamezalia ndani ya lile la kushoto." Basi umesalimiwa, na habari za mabuti umezipata.

Nianze na maziko yako, maana ulikuwepo lakini hukuona kitu. Tulipanda Vugiri kwa lori la shamba la mkonge, watu wa Kwemazi tumesimama nyuma tumeshikana mabega. Kila kona ya mlima Bi Mwanaidi alikuwa anaongeza kanga. Tulipofika juu alikuwa na kanga nne na koti la marehemu mumewe, na bado meno yake yanagongana. Akautazama ukungu, akaitazama migomba inavyochuruzika maji, akasema, "Kumbe huyu hakuja kwetu kwa kazi. Alikuwa anakimbia baridi." Watu wakacheka huku wanalia. Hata mkeo alicheka, Mzee, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamshika bibi yule mkono, akaenda kumkalisha jikoni karibu na moto.

Daktari alisema ni homa ya mapafu. Hilo bado silielewi. Miaka yote umekaa bondeni ukigombana na mbu, halafu unakwenda likizo nyumbani, mahali ambapo mbu akithubutu kupanda anakufa kwa baridi kabla hajafika kanisani, na huko ndiko unakokwenda kuugua. Mbu wa Kwemazi wangekuwa na utu wangetuma mwakilishi kwenye lile lori.

Mchungaji alipomaliza akasimama karani kutoka ofisi ya afya. Nadhani aliambiwa asome wasifu wako kwa kifupi, yeye akaja na faili zima. Akasoma siku uliyoajiriwa. Akasoma likizo zako zote. Akasoma siku uliyopewa baiskeli, na barua yako ya kueleza jinsi pampu ya baiskeli hiyo ilivyopotea. Watu walianza kubadilisha miguu ya kusimamia. Kisha akasoma, kwa sauti ya upole kama mtu anayekusamehe kwa niaba ya serikali, kwamba marehemu alipata onyo moja tu katika utumishi wake, kwa kuandika hesabu za viluwiluwi wa mbu zisizo za kweli katika bwawa la Kwemazi.

Moja tu.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika koleo. Nikatazama udongo. Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya pili, Mzee. Mara ya pili nakuacha ubebe mzigo wangu, na safari hii ulikuwa ndani ya sanduku.

Ndiyo maana nakuandikia. Mengi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini niruhusu niyapange kwa mpangilio wangu, maana ulikuwa unanikataza kuanza hesabu katikati.

Ulipofika kwetu mara ya kwanza, ndiyo kwanza tumehamia. Tulikuwa tumeambiwa tutoke kwenye vijumba vyetu vilivyotawanyika, tukae pamoja katika kijiji cha ujamaa, na mahali palipochaguliwa palipendeza sana kwenye ramani: barabara upande huu, mto Lwengera upande ule. Kinamasi kilichokuwa katikati ya mto na nyumba zetu ramani ilikisahau. Mvua ikinyesha tope linalowa, na siku chache baadaye mbu wanainuka kutoka mle kama moshi wa kuchoma shamba. Walikuwa mbu wa mchana, wakubwa, wenye madoa miguuni, hawana adabu hata kidogo. Walimuuma mwalimu akiandika ubaoni. Walimuuma bibi harusi mbele ya wakwe. Unakumbuka hotuba ya Katibu Kata siku ile uliyotambulishwa? Alikuwa anahutubia huku anajipiga mashavuni, na sisi tuliokaa tunajipiga miguuni na shingoni, pa, pa, pa, mkutano mzima. Alipomaliza alikushika mkono akakuambia, "Umeona wananchi wangu wanavyoshangilia."

Ukatafuta msaidizi. Uliniuliza swali moja tu: kama naogopa kuumwa na mbu. Nikasema siogopi. Ukasema, "Basi kazi umepata." Mimi nikadhani ni mzaha wa watu wa mlimani. Kesho yake ukanikalisha kwenye kigoda ukingoni mwa kinamasi, suruali nimeikunja mpaka magotini, ukachuchumaa mbele yangu na saa yako na vichupa vyako vya kioo, ukawa unawafunika mbu mmoja mmoja kila wanapotua kwenye miguu yangu. "Usitikisike, Salehe," ulikuwa unasema, "huyu ni mzuri sana." Zaina aliwaambia majirani, "Wenzangu waume zao wameajiriwa kulima. Wangu ameajiriwa kuliwa."

Baadaye ukanipandisha cheo ukanifundisha kata. Ile bakuli nyeupe ya bati yenye mpini mrefu. Unaichovya taratibu pembeni ya maji, unaiinua, unahesabu viluwiluwi wanaojipinda-pinda ndani, unaandika kwenye daftari. Mara hamsini kila wiki, mahali tofauti tofauti. Nilijiona mtaalamu. Nilitembea na kata ile begani nikipita dukani hata kama sina shida ya dukani.

Kisha ukaleta wazo la tuta. Ulikuwa umepelekwa mafunzo Pangani, ukaona huko pwani wamezungushia tuta kinamasi cha mikoko, wakakiweka chini ya maji muda wote. Ulisimama mbele ya mkutano ukaeleza mpaka watoto wakaelewa. Mbu huyu wa mchana, ulisema, hatagi majini. Anataga kwenye tope lenye unyevu, na mayai yanakaa yakisubiri mvua, ikija yanaanguliwa yote kwa pamoja. "Sasa tope tukilifunika kwa maji mwaka mzima, atataga wapi? Kwenye kofia ya Katibu?" Watu wakacheka, na Katibu Kata akaishika kofia yake kuhakikisha.

Bi Mwanaidi akanyoosha mkono. Yeye alikuwa msusi wa mikeka tangu ujana wake, na ukindu wake wote ulitoka kwenye mikindu iliyoota ukingoni mwa kinamasi kile. Akauliza, "Na kambale je? Yeye naye hutoka mtoni akaja kuzaa humo humo. Atapita wapi?" Ukasema, "Swali zuri sana, Bibi. Tutalijibu baadaye." Akauliza mikindu itakuwaje ikikaa ndani ya maji mwaka mzima. Ukasema hilo nalo zuri. Siku ile ulipata maswali mazuri mawili na hukuwa na jibu hata moja, ila sote tulikuwa tunawashwa na hakuna aliyejali.

Tukajenga kwa msaragambo, kila kaya ikitoa watu, majembe na makarai, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Wewe ulichimba pamoja nasi, na mara mbili ilibidi tukuvute kutoka kwenye tope ukitoka wewe, mabuti yakibaki. Tuta likasimama. Tukaweka lango dogo la mbao upande wa mto na kulifunga. Katibu Kata akaandikisha kibao chenye jina lake kwa rangi nyekundu.

Na ukweli usemwe, ulifaulu. Mwaka wa kwanza mbu wa mchana walikwisha. Mwalimu aliandika ubaoni kwa raha zake. Katibu Kata alihutubia saa nzima, pasisikike kofi hata moja, akaja kukuuliza kwa siri kama wananchi wamemchukia.

Masika yalipofika, kambale wakapanda kutoka mtoni kama kawaida yao, wakafika kwenye tuta wakakwama. Walijaa pale nje wakigonga udongo kwa vichwa, na sisi tukawachota kwa makarai. Wiki ile kila nyumba ilinuka kambale wa kukaanga, na watu wakakusifu kwamba bwawa lako limeleta samaki. Mwaka uliofuata hakuja hata mmoja. Tulikuwa tumewala wazazi wote.

Halafu mikeka. Bi Mwanaidi hakukugombeza hata siku moja. Yeye alikuletea zawadi. Tuta lilipokamilika alikuletea mkeka wa kulalia, mpana, wenye rangi tatu. Miezi ikapita akakuletea wa kukalia mtu mmoja. Kisha wa mtoto mchanga. Kisha akaleta mwingine, ukauliza huu ni wa nani, akasema, "Wa paka wako." Ukamwambia huna paka. Akasema, "Na mimi sina ukindu. Tutakuwa sawa." Ukaenda kuitazama mikindu siku hiyo hiyo. Ilikuwa imesimama ndani ya maji, majani yamegeuka manjano, mizizi inaoza. Maji yenyewe yalikuwa yamekuwa meusi, yananuka kama yai viza, na juu yake magugu na mayungiyungi yametanda mpaka bata wa mwitu wanatembea juu bila kulowa.

Ndani ya magugu yale, pembeni kulikotulia, akahamia mbu mwingine. Huyu hakuwa na fujo. Mdogo, mkimya, anaingia jioni kama mgeni mwenye heshima, anakaa ukutani ameinua makalio. Yule wa kwanza alitusumbua tu. Huyu ndiye mwenye homa.

Sasa nafika kwenye sifuri zangu.

Wiki nane mfululizo nilikuletea daftari lenye sifuri. Kazi yangu ilikuwa kuingia kwenye magugu na kuchovya kila upande. Sikuingia. Nilisimama penye lango, juu ya ubao mkavu, mahali ambapo maji yalikuwa yanavuja na kutembea kidogo, na kila mtoto anajua kiluwiluwi hakai kwenye maji yanayotembea. Nikachovya hapo hapo mara hamsini. Nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Sababu ya kwanza ilikuwa ruba. Magugu yalijaa ruba, na nilikuwa nimeona kenge mle mrefu kuliko kitanda changu. Sababu ya pili ilikuwa wewe. Kila nilipokuletea sifuri ulifurahi. Ulikuwa unainua daftari kwenye mwanga kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake, kisha unanimiminia chai ya maziwa. Sikutaka kukuharibia. Nimejiuliza mara nyingi ipi ilikuwa kubwa, ruba au wewe, na leo kwa kuwa umekwisha kufa nitasema: ilikuwa nusu kwa nusu.

Homa ikaanza nyumba baada ya nyumba. Binti yangu Hadija alitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani. Nilikaa naye nikimpa vidonge vya klorokwini vilivyopondwa kwenye uji, akavitema, nikampondea vingine, na daftari lenye sifuri lilikuwa limetundikwa msumarini juu ya kichwa chake. Alipona, namshukuru Mungu. Na wiki ile, Mzee, niliandika sifuri nyingine. Kufikia hapo sikujua namna ya kuacha. Ningeanzaje kupata viluwiluwi ghafla?

Kisha ukaugua wewe. Ulilala siku nne ukiongea Kishambaa na watu wasiokuwepo, tukakumwagia maji, Zaina akakupikia uji. Siku uliyoweza kusimama ulitoka nje umejifunika blanketi, ukanikuta narudi bwawani na kata begani. Ukanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umechovya mara ngapi?"

Hamsini, nikasema.

"Wapi?"

Kila mahali, nikasema.

"Mbona suruali yako kavu?"

Nilidhani utanifukuza pale pale. Wewe ukaweka blanketi juu ya ua, ukakunja suruali yako, ukaanza kutembea kwenda bwawani na miguu yako imekonda kwa homa kama ya korongo. Ukasema tu, "Njoo na kata." Ukaingia kwenye magugu mpaka mapajani. Nikakufuata. Uchovyaji wa kwanza tuliwakuta. Wa pili tukawakuta. Wa tatu hukuhesabu tena. Ukatoka, ukakaa juu ya tuta, ruba mmoja ananing'inia kwenye kifundo cha mguu wako na wewe huna habari naye, ukasema, "Salehe, tumefukuza wapangaji wakorofi, tukawajengea wauaji nyumba ya bati."

Hukunifokea. Ningefurahi kama ungenifokea.

Ubaya ni kwamba Katibu Kata alikuwa amekwisha kuzinakili sifuri zile akazipeleka mbele kwenye taarifa yake, na mgeni kutoka mkoani alikuwa njiani kuja kuona bwawa la mfano. Ulimwendea Katibu ukamwambia ukweli. Akakujibu, "Bwana Afya, mbuzi wawili wamekwisha kuchinjwa." Kwake hilo lilimaliza mjadala.

Siku ilifika. Viti vimepangwa juu ya tuta, akina mama wanaimba, mgeni mtu mzima mwenye miwani mikubwa, mpole. Katibu Kata akasoma taarifa, wiki moja moja, sifuri moja moja, akivuta pumzi kila baada ya sifuri ili watu wapige makofi. Kisha akakuita uonyeshe kazi. Nadhani alitegemea utachovya penye lango. Wewe ukatembea mpaka kwenye magugu, ukachovya, ukainua, ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ndugu mgeni, kata yetu imejaa viluwiluwi."

Katibu Kata akasimama kama aliyekalia moto. "Kata yangu haina viluwiluwi. Kata yangu ni ya pili kwa usafi wa vyoo katika tarafa nzima."

Ukamwambia, "Si kata hiyo, Katibu. Kata hii." Ukamsogezea bakuli.

Ukampa mgeni ahesabu mwenyewe. Akaanza kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, na watoto wa shule, kwa kuwa wamezoea, wakaitikia pamoja naye. Kufika kumi kijiji kizima kilikuwa kinahesabu. Kufika kumi na tisa mgeni alivua miwani akaifuta, akasema inatosha. Akachukua taarifa mkononi mwa Katibu. "Hapa imeandikwa sifuri. Nani aliandika?"

Nilikuwa karibu yako kiasi cha kusikia unavyopumua. Kinywa changu kilifunguka, naapa kilifunguka. Hakikutoa kitu. Ukasema, "Daftari ni langu, Ndugu. Aliyekosea ni mimi."

Na hukunipa nafasi. Uliendelea moja kwa moja, ukasema tuta halina haja ya kubomolewa, linahitaji lango kubwa. Tulifunge wiki zile tu ambazo mvua inakatika-katika na tope linalowa na kukauka. Mto ukijaa tulifungue, kambale waingie na maji meusi yatoke. Kiangazi tuliache ardhi ipumue, mikindu ipone. Mgeni akauliza kama wananchi wamekubali. Ndipo Bi Mwanaidi akapita mbele, akatoa ndani ya kanga kimkeka kidogo sawa na kiganja, akakiweka mapajani mwa mgeni. "Hiki ni cha kuwekea miwani yako, baba. Mwaka juzi ningekupa cha kulalia wewe na mama." Mgeni alicheka mpaka akakohoa, na lango likaruhusiwa.

Onyo lako lilikuja baadaye kwenye bahasha. Uliisoma barua, ukaikunja mara nne, ukaiweka chini ya mguu wa meza yako uliokuwa unayumba. Ile nafasi yako ya kwenda kusoma ili upande cheo akapelekwa mwingine. Ulisema huko chuoni mbu ni wachache, ungechoka. Nilicheka. Nilikuwa mwoga kiasi cha kucheka.

Tukaweka lango kubwa, mbao sita zinazochomolewa moja moja. Masika ya kwanza hakikuja kitu. Ya pili kambale wakaja, wachache, wembamba, na Bi Mwanaidi akawakalia ulinzi ukingoni na fimbo, mtu asiguse karai. Mikindu ya upande wa mto ikachipua. Ya upande wa barabara haijarudi mpaka leo. Mbu hawakuisha, wala wewe hukuahidi tena kwamba wataisha. Lakini wa mchana wanavumilika, wa homa wamepungua, na watu walianza kukusikiliza hasa tangu siku uliyokiri kwamba hujui kila kitu. Na kila wiki tuliingia magugu pamoja, wewe na mimi, ukikataa kabisa niende peke yangu. Ulisema unapenda matembezi.

Sasa yaliyotokea baada ya kukuzika.

Niliporudi kutoka Vugiri sikulala vizuri wala sikula vizuri. Zaina akadhani ni huzuni, nikamwacha adhani. Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji kumchagua mshika lango mpya baada yako, na watu wote wakaanza kulitaja jina langu. Nikasimama. Nikasema kabla hamjanipa lango, jueni kwamba zile sifuri ziliandikwa na mimi. Mzee Shehoza hakuandika hata moja. Nikaeleza ubao mkavu, nikaeleza ruba, nikaeleza na homa ya Hadija, ambaye alikuwa amekaa pale pale na mwanawe mapajani.

Aliyekuwa Katibu Kata, ambaye siku hizi analima nyanya na ana nyanya nzuri kweli, akasimama polepole. Akasema, "Kumbe mimi nilipigania mbele ya mgeni wa mkoa sifuri za mtu anayeogopa ruba." Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kisha na mimi nikajikuta nacheka na machozi yanatoka. Lakini Hadija hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasogea kwenye mkeka akanipisha nafasi nikae karibu yake.

Wakanipa lango, kwa sharti moja lililotolewa na Bi Mwanaidi: kila nikichovya, yeye atakuwa amesimama nyuma yangu. Haoni vizuri siku hizi, lakini amesema masikio yanamtosha kujua kama nipo kwenye magugu au kwenye ubao.

Mkutano ukaiandikia ofisi ya afya barua kueleza ukweli, nikaitia sahihi. Majibu yamekuja. Wanasema faili la mtumishi aliyefariki limekwisha kufungwa na haliwezi kurekebishwa, ila barua yetu itawekwa ndani yake, baada ya ile ya pampu. Nimeona si haba.

Kisha nikapanda Vugiri peke yangu, nimevaa sweta mbili, nikamweleza mkeo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi. Akasema alijua tangu zamani. Alikuuliza kwa nini hukunitaja, na wewe ukamjibu, "Wangemfukuza. Halafu mimi ningeipata wapi miguu mingine inayopendwa na mbu namna ile?" Nilitoka nje nikakaa kwenye ukungu mpaka nikaweza kurudi ndani.

Mzee, mimi siyajui maneno ya kumuaga mtu kama wewe. Pumzika. Mkeo tutampelekea mpunga kila mavuno. Mbao za lango nitazichomoa mto ukijaa, hata kama siku hiyo atakuja mtu na barua ya kunikataza, na nitaingia magugu kila wiki maadamu magoti yananibeba. Na sitakuandikia tena jambo la kukufurahisha tu.

Juzi, upande wa mashariki, tulipata kumi na saba. Bi Mwanaidi akauliza ni wangapi. Nikamwambia kumi na saba, na ndivyo nilivyoandika.

Msaidizi wako,
Salehe